Perege wa Mama Pale Mtamboni

Nakumbuka siku moja nilisuuza pampu ya kupulizia dawa kwenye kijito cha Matogoro, juu ya pale mtambo unapochukulia maji ya mji, na nilikuwa napiga mluzi. Tena sikusuuza tu. Dawa ya viwavi iliyobaki niliimwaga yote mle. Babu alikuwa ameniagiza niimwage kwenye shimo la shambani, lakini shimo lilikuwa mbali na mimi nilikuwa nachelewa mpira.

Mwanangu, najua unanicheka. Unasema huyu bado anavaa sare ya shule, ndevu hana, anatoa nasaha kama mzee wa baraza. Vumilia. Shikamoo yako tutaizungumza mwishoni.

Visamaki vikaanza kupanda juu, vinazunguka ovyo. Rafiki yangu Fredi akasema, "Oya, wamelewa hawa! Nani kawaalika?" Tulicheka mpaka tukakaa chini.

Sasa, mama yangu ni fundi pale mtamboni. Anaangalia machujio ya mchanga, anatia klorini, na pembeni ana tanki dogo la samaki, perege. Maji ya kijito hupita kwao kwanza, kabla hayajaenda kuchujwa. Nilizoea kumtania kwamba mji mzima unaonjewa maji na kitoweo. Jioni ile akapiga simu nyumbani.

"Perege wangu wanaogelea kiubavu. Nimefunga maji. Hayo ya ndooni msinywe."

"Tutachemsha, mama."

"Kuchemsha kunaua vijidudu. Hii ni sumu, maji yanapungua, yenyewe inabaki sufuriani. Nisikilize, babu yako simpati kwenye simu, leo amepuliza dawa gani?"

Alikuwa na mkaa wa unga, ule maalumu unaotiwa kwenye maji ili unase sumu, lakini ulikuwa kidogo. Kuna dawa mkaa unazinasa upesi, nyingine zinataka mkaa mwingi na muda. Akijua jina la dawa, anajua atie kiasi gani. Chupa yenyewe, niliyotoka nayo kijitoni, ilikuwa ndani ya begi langu la shule, nimeikalia.

"Sijui, mama," nikasema.

Pale kijitoni nilikuwa mjinga, sawa. Kwenye simu nilikuwa na akili zangu zote.

Asubuhi mabomba yalikuwa makavu. Na watu wa kwetu wakikosa maji bombani wanakwenda wapi? Kijitoni. Mdogo wangu Neema akabeba kindoo chake cha njano akawafuata wenzake. Mimi nilikuwa nimejifunika shuka, najifanya naumwa kichwa. Gari la matangazo lilipopita kuwakataza watu, yeye alikuwa ameshakunywa kwa viganja, palepale nilipomwagia, ambapo maji yametuama.

Alirudishwa mgongoni kwa jirani, mate yanamtoka, jasho linamtiririka, mboni za macho zimekuwa kama ncha ya sindano.

"Amekunywa dawa gani huyu mtoto?" daktari akauliza tulipomfikisha hospitali, mimi begi langu mgongoni.

Mama, ambaye alikuja na mabuti yake ya kazini, akasema hajui. Kisha akageuka akanitazama. Nikafungua begi, nikatoa chupa.

Sikupigwa, mwanangu. Heri ningepigwa. Mama alisoma ile chupa, akampa daktari, akapiga simu mtamboni akataja jina la dawa na kiasi cha mkaa cha kutia.

Maji yalirudi. Perege walikufa wote. Neema naye amerudi nyumbani, ila kalamu bado inamtetemeka mkononi, na chai namshikia kikombe mimi.

Basi sikia. Pampu isuuze shambani, na maji yake yaishie shambani, mbali na kijito. Na ukishaharibu, sema saa hiyohiyo, taja na jina la dawa, hata kama sauti itakutoka kama ya mbuzi. Mkaa hauwezi kukisia, na aliyeushika naye hawezi. Mungu akupe mdomo unaofunguka mapema, na nyumbani kwenu pasikose maji ya kunywa. Shikamoo yako baki nayo, sijaifikia.

Mama hakunisemesha mpaka siku Neema aliporuhusiwa kutoka hospitali. Tulikuwa tunatoka getini, kambeba mgongoni, hata hakunitazama. Akasema:

"Perege hawana sauti, na bado waliniambia kabla yako."