Risasi ndefu za shemeji, magazini fupi ya baba mkwe

Wakuu, salaam kwenu mlio kazini na mlio kijiweni.

Nawaletea jambo lililonikuta ukweni, Makote kule Newala. Sijaongeza chumvi. Wanaonifahamu humu jukwaani wanajua mimi si mtu wa porojo.

Kwanza mnijue. Nimekulia Chidya, nikaondoka na begi moja kwenda Afrika Kusini, nikaanza kwa kufagia karakana ya bunduki kwenye shamba la wanyama. Nimerudi na diploma ya usimamizi wa wanyamapori niliyojilipia mwenyewe. Nyumba yangu ya Mkomaindo ina vigae. Mwenye wivu anywe maji.

Huko ndiko nilikojifunza kujaza risasi. Unachukua ganda lililokwisha kupigwa, unaweka fataki mpya, kile kiwashio cha kitakoni, na baruti, kisha unakaza kichwa cha risasi juu yake. Sasa kazi hiyo naifanya hapa Masasi, chini ya fundi mwenye kibali. Bunduki ya baba mkwe nayo ina leseni. Kwa hiyo wale wa "vibali vipo?", vipo.

Tuendelee.

Baba mkwe ana mikorosho na mihogo. Adui yake ni nguruwe pori. Wakiingia shambani, asubuhi unakuta matuta yamefukuliwa kama kuna trekta limepita. Yeye ni Mwislamu, nyama ile haigusi. Akiua, majirani Wakristo wanakuja na mapanga yao na furaha yao. Na huku kwetu mkwe ndiye mkono wa kazi wa ukweni, kwa hiyo risasi za mzee ni jukumu langu.

Siku moja shemeji yangu Hamisi, anayefanya kazi nje ya nchi, akaja likizo na boksi la vichwa vya risasi. Shaba tupu, virefu, vimechongoka kama sindano. Mzee alivipanga mkekani, akawa anawaonyesha wageni. Zawadi ya mtoto wake wa kiume, mnaelewa.

Mimi kuviona tu, moyo ukasema hapana.

Shaba ni nyepesi kuliko yale madini ya risasi yanayotumika kwa kawaida. Ili kichwa cha shaba kifikie uzito uleule, lazima kiwe kirefu zaidi. Na bunduki ya mzee ni ya zamani, magazini yake, kile kisanduku cha kupangia risasi, ni fupi.

Sikubishana kwa maneno. Nilitengeneza risasi ya majaribio, bila baruti wala fataki, kwa urefu ule ulioandikwa kwenye kitabu cha vipimo vya kujazia. Nikaipeleka Makote, nikamkabidhi mzee aitie mwenyewe kwenye magazini.

Ikagoma. Ncha imegusa ukuta wa mbele, kitako bado kiko nje.

Hamisi akacheka. "Shemeji, na diploma yote hiyo? Si ukisukume kichwa ndani kidogo tu?"

"Ukikisukuma, unaila nafasi ya baruti," nikamwambia. "Presha inapanda. Na bunduki hii ikipasuka, inapasukia kwenye uso wa baba, si wako."



Baba mkwe akaniangalia. "Baba Zuhura, kwa hiyo zawadi ya mwanangu haifai?"

Hapo ndipo palipokuwa na mtego, wakuu. Mbele ya wageni, mkwe hamwambii baba mkwe kwamba kitu cha mwanawe hakifai. Nikamjibu, "Inafaa baba, ila si kwa magazini hii. Niachie nikutafutie vichwa vifupi."

"Basi nijazie hivyohivyo kwa urefu wa kitabu chako. Nitatia moja moja kwa mkono, bila magazini."

Kiufundi hilo linawezekana. Risasi yenyewe ilikuwa salama, kwenye chemba, pale inapokaa ikifyatuliwa, inaingia vizuri, nilihakikisha. Nikamweleza kwamba nguruwe akijeruhiwa hatakusubiri upekue mfukoni. Akasema amewinda tangu mimi sijazaliwa. Nikajaza.

Wiki iliyofuata, asubuhi, mke wangu akapigiwa simu na jirani yao, Mama Anjela. Alikuwa anacheka mpaka anashindwa kuongea.

Mzee alimpiga dume kubwa, akamjeruhi tu. Dume likamgeukia. Risasi ya pili ipo mfuko wa shati, akaipapasa, ikaanguka kwenye majani. Mzee akatupa bunduki, akapanda mkorosho. Bahati nzuri mikorosho matawi yake yako chini.

Mama Anjela na wanawe walifika na mbwa, wakalimaliza lile dume kwa mikuki. Kisha akamwita mzee huku shingo iko juu: "Baba Hamisi, msimu bado! Unavuna nini huko?"

Mke wangu hakucheka. Alikata simu, akakaa. "Angeweza kufa," akasema. Na mimi nilikuwa nafikiria hilohilo.

Kiufundi sikukosea hata sehemu moja, narudia. Lakini siku ile nilikaa nikijiuliza: usahihi wangu ulimfaa nini mzee aliyekuwa amesimama mbele ya nguruwe na risasi moja?

Sikumpigia simu. Sikumtumia salamu za pole zenye "nilisema". Nilinunua vichwa vifupi vya ncha butu, nikatengeneza ya majaribio, nikampa Mama Zuhura aende nayo kwao kama anayekwenda kusalimia tu. Magazini iliikubali, akaniambia. Mzee aliiingiza na kuitoa mara kadhaa.

Baada ya siku chache alikuja mwenyewe Mkomaindo na mfuko wa maganda matupu. Alikunywa chai yote ndipo akasema.

"Nijazie zile fupi. Hamisi akiuliza, mwambie ndefu zimekwisha."

Nikaitikia, "Sawa baba, zimekwisha."

Boksi la shaba liko kabatini kwangu mpaka leo, karibu limejaa.

Kwa mnaojaza risasi: pima magazini kwanza, ndipo ununue kichwa. Tengeneza ya majaribio isiyo na baruti, ipitishe kwenye magazini mpaka chemba. Isipoingia, badili kichwa, usikisukume.

Hayo ya ufundi nayajua, sihitaji mwalimu. Nisilolijua bado ni hili, naomba uzoefu wenu: baba mkwe akitaka jambo la hatari mbele ya watu, nyie "hapana" mnaisemaje mpaka isikike?