Nova, na Namba Aliyoishika Kichwani

Vita viliposhuka kutoka Masisi, dada yangu alifika kwangu Keshero, hapa Goma, na watoto wanne na sufuria moja. Mume wake walipotezana naye njiani, watu wakikimbia ovyo. "Kaka, usizime telefone," aliniambia hata kabla ya kukaa. "Ni namba yako tu anajua kwa kichwa."

Mimi ni mwalimu wa fizikia, na nilikuwa na ugonjwa wangu: picha za Andromeda, galaksi jirani yetu, ambazo wenye darubini kubwa huziweka kwenye mtandao. Nalinganisha ya juzi na ya leo, natafuta nukta ambayo haikuwepo. Asubuhi ya tatu tangu dada afike, nikaiona. Nova, nikajiambia, nyota iliyolipuka ghafla. Pengine. Mungu wangu! Goma, mji unaotajwa kwa mabomu tu, ungetajwa kwa nyota, na wa kwanza kuitangaza ningekuwa mimi.

Nikaanza kuwatumia picha kwa telefone wanasayansi wanaothibitisha nova, mtandao ukijikokota. Kwetu simu ikiingia, mtandao unakatika. Ikaingia namba nisiyoijua. Nikaikata. Ikarudi. "Watu wa kubipa hawa, wanataka uwapigie kwa yuniti zako!" Nikakata. Ya tatu nikaikata kwa hasira. Na kila mutu wa Goma anajua: wakati wa vita, namba usiyoijua ndiyo unaipokea mbio, maana mkimbizi anapiga kwa simu ya kuazima. Nilijua. Nilijua kabisa.

Picha ilipofika, nikaipigia namba ile. Imezimwa. Dada sikumwambia kitu.

Jibu lilikuja kesho yake: nova ni ya kweli, ila mwingine ameshaitangaza.

Shemeji tulimpata baada ya wiki tatu, kambini Munigi, amekonda, ameshawalilia watoto wake kama wafu. Munigi, jamani! Kwa pikipiki hata saa moja haifiki.

"Nilipiga mara tatu, shemeji," akasema. "Ilikuwa inakata."

Dada akanitazama. Nikasema, "Labda ulikosea tarakimu moja."

Akainamisha kichwa. "Ni kweli. Kichwa kilikuwa kimechoka. Munisamehe."

Aliomba msamaha yeye. Naona aibu hata kuandika.

Hadi leo, akija kututembelea, kabla ya kukaa ananikariria namba yangu yote, polepole, halafu anangoja nimwambie kama ni sawa. Namwambia ni sawa.