Spika Tano na Kaseti ya Baba

Siku ninayoikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu, mwanangu, na mume wangu asinisikie, ni ile niliyotembea nyuma ya mkokoteni kutoka mjini mpaka kwangu Igogo, kichwa juu, kwa sababu mkokoteni ulikuwa umebeba redio yangu mpya ya spika tano. Nilimwambia mwenye mkokoteni apite njia ndefu, ile ya sokoni, ili watu waone boksi. Ujana una mambo.

Miaka hiyo biashara ndiyo kwanza imefunguliwa. Sisi tuliozoea kupanga foleni ya sabuni tuliamka tukakuta maduka ya Mwanza yamejaa mpaka barazani: televisheni, friji, redio za kila namna kutoka Dubai, taa zake zikiwaka na kuzima. Mimi nilikuwa fundi cherehani, nimejibana mwaka mzima nipate redio. Na sikuwa nainunua kwa starehe yangu. Nilikuwa namnunulia baba.

Baba yangu alikuwa mpiga ngoma kule Kisesa, na si mpiga ngoma wa kubahatisha. Wewe uliyekulia mjini labda hujui: kwetu Usukumani makundi mawili ya ngoma hushindana uwanja mmoja, saa ileile, kila moja upande wake, na mshindi ni lile linalovuta watu wengi. Baba aliwavuta. Kisha kiharusi kikampata, mkono wa kulia ukalala, nikamchukua aishi kwangu. Hakulalamika, ila alinyamaza. Mtu aliyekuwa akimsimamisha kila mpita njia apige naye soga, sasa alikaa mlangoni kutwa. Ukimsalimia anaitikia, basi.

Kitu kimoja tu aliniomba. Siku ya mashindano fulani, kijana mmoja aliwarekodi kwa redio kaseti ya betri, na kaseti hiyo baba aliitunza sandukuni, ameifunga kwenye leso. Akaniambia, "Nataka kuusikia mkono wangu kabla sijausahau."

Sasa sikia nilivyoharibu.

Nilikwenda dukani kwa Bwana Jivan, mzee wa Kihindi aliyezaliwa hapahapa kando ya ziwa. Rafuni palikuwa na redio mbili zilizonivutia. Moja ilikuwa ya spika mbili za mbao, haina mbwembwe, bei yake nusu ya ile nyingine. Nyingine ndiyo hiyo ya spika tano, ina taa za kijani na nyekundu zinazopanda na kushuka. Bwana Jivan akaniuliza chumba changu kina ukubwa gani. Nikamdanganya kwamba nina sebule pana. Sebule ya wapi? Nilikuwa na chumba kimoja nilichokigawa kwa pazia. Akanishauri nisichague siku ile, nirudi na kaseti ninayoijua, nije na mtu atakayesikiliza, tukae pale tusikie zote mbili. Kuuliza si ujinga, lakini mimi nilidhani mzee ananiona sina hela. Nikanuna, nikanyoosha kidole kwenye ile kubwa.

Na nikiri yote. Jirani yangu Mama Doto alikuwa na redio iliyotuamsha kila Jumapili. Nilitaka nimzime.

Nyumbani nikafuata picha iliyokuwa kwenye boksi: kiti katikati, spika mbele, spika pembeni, spika mgongoni. Baba nikamkalisha kitini kama bwana harusi. Majirani wakajaa mlangoni. Nilipowasha muziki wa dansi, vifuniko vya sufuria vikaanza kucheza rafuni, watu wakashangilia, na Mama Doto mwenyewe akazima yake akaja kuona. Hapo moyo wangu uliburudika, nisikudanganye. Kisha nikaiweka kaseti ya baba.

Kaseti ile, mwanangu, ilirekodiwa na kimashine kidogo kilichowekwa mbele ya ngoma. Redio yangu ikaichukua ikaitawanya chumba kizima. Kelele za watu zikatokea nyuma ya baba, na ngoma yenyewe ikawa mngurumo tu chini ya kiti. Baba akageuka kutazama nyuma. Akageuka tena. Akauliza kuna nani mgongoni kwake. Mimi, kwa akili zangu za wakati ule, nikaongeza sauti. Alisikiliza kidogo, halafu akasema taratibu, "Hawa si sisi. Zima, mama."

Majirani wakaondoka mmojammoja. Baba aliirudisha kaseti kwenye leso, akaifunga kwa mkono wa kushoto na meno, akakataa nimsaidie. Kisha nikamwona akiutazama ule mkono uliolala, nikajua anachofikiri: kwamba ameshausahau. Sijawahi kuumia vile.

Asubuhi, tukinywa uji, nikajitetea kwamba hakuna redio kubwa kama ile Igogo nzima. Baba akaweka kikombe chini. Aliyoyasema hapo yalikuwa maneno mengi kuliko aliyosema kwa miezi.

"Kabula, siku tulizoshinda unadhani tuliwazidi wenzetu kwa nguvu? Anayepiga kwa nguvu ni yule aliyeona watu wanamkimbia. Wewe umenunua ya kumpiga jirani. Mimi niliomba ya kusikia."

Wahenga walisema ngoma ikivuma sana hupasuka. Yangu haikupasuka, nilipasuka mimi. Nililia hadi uji ukapoa.

Siku hiyohiyo tukachukua taksi, boksi nyuma, baba mbele na leso yake mapajani, mpaka kwa Bwana Jivan. Niliandaa maneno ya kuomba radhi, lakini hakuna aliyenihitaji. Bwana Jivan alimsalimu baba kwa Kisukuma safi; kumbe baba yake Jivan alikuwa mnunuzi wa pamba kule Magu, na wazee hao wawili wakaanza kuulizana habari za watu na ng'ombe mpaka nikachoka kusimama. Wala hakunikumbusha kwamba alinionya. Alizichukua zile spika mbili za mbao, akaziinua zilingane na masikio ya mtu aliyekaa, akazivuta mbali kidogo na ukuta, akamweka baba kwenye kiti mbele yazo. Akawasha.

Ngoma ikalia kutoka mbele, mahali pamoja, kama uwanjani. Baba alifumba macho. Nilimtazama nikiogopa, maana kama na hii ingeshindwa, sikuwa na dawa nyingine.

Akafumbua macho. "Huyo ni mimi," akasema.

Halafu mdomo ukafunguka. Yule wa kushoto ni fulani, anachelewa, ndiyo kawaida yake. Huyo anayepiga mluzi ni shemeji. Na hapo, subirini, hapo nitaangusha kijiti. Kweli, ndani ya kaseti kijiti kikaanguka, watu wakacheka, na baba akacheka pamoja nao mpaka machozi. Mkono wake wa kushoto ukaanza kupiga kwenye kaunta. Mama mmoja aliyekuja kununua betri akaweka kikapu chini, akapiga kigelegele, akatikisa mabega. Bwana Jivan naye akajaribu kugonga, nje ya mapigo kabisa, baba akamsahihisha. Nilifurahi mpaka nikaona aibu kufurahi vile dukani kwa watu.

Tulibadilishana, akanirudishia hela iliyozidi, nikarudi na ile ndogo. Kila jioni baba aliiweka kwa sauti ya kuongea tu. Wa kwanza kuja na kigoda chake alikuwa Mama Doto, kisha wengine, mpaka mlango ukajaa na baba katikati akieleza nani ni nani. Ameshinda tena, nikasema moyoni. Aliishi miaka mingi baada ya hapo, na aliongea sana; siku nyingine ilibidi tumwombe apumzike.

Basi, mwanangu, nawe ukitaka vyombo vya muziki vya nyumbani, pima chumba kwanza ndipo upime mfuko. Usihesabu spika wala taa. Mbili nzuri ukizipanga vizuri zinakutosha. Nyingine utaongeza Mungu akijalia, na chumba kikiongezeka. Nenda na wimbo unaoujua kila pembe yake, nao ndio utakaokuambia kama mashine inasema kweli. Na muuza duka akikupa ushauri unaompunguzia faida, mwanangu, msikilize huyo kwa masikio yote mawili. Zaidi ya yote, kabla hujatoa hela, jiulize unamnunulia nani. Kama jibu ni jirani, rudi nyumbani ukalale.

Mungu akuzidishie riziki na akili ya kuitumia. Akupe nyumba ambayo watu wakiisikia hawafungi madirisha, wanasogeza viti.