Treni Nzima kwa Mzee Mmoja

Siku ya fainali, mji mzima ukigombea usafiri wa kwenda uwanjani, mimi nilipanda treni nzima peke yangu.

Kabla hamjacheka, mjueni anayezungumza. Babu yangu alikuwa mshika bendera wa reli. Baba yangu alikagua tiketi hadi alipostaafu. Hakuna kati yao aliyewahi kumwambia abiria uongo, na wote walizikwa kwa heshima.

Mjukuu wangu wa kike ndiye mtangazaji wa stesheni yetu. Mkuu wake, bwana mwenye tai ndefu kuliko busara zake, alikuwa na mbinu aliyojivunia sana. Siku za mikusanyiko mikubwa aliagiza litangazwe jukwaa lisilo sahihi, kisha tangazo lirekebishwe treni inapokaribia.

Eti watu wasisongamane ukingoni.

Abiria si watoto. Waliizoea. Wakisikia jukwaa la kwanza, wanakimbilia la pili.

Asubuhi ya fainali binti alinijia amenuna.

"Babu, amesema nisipodanganya leo, kesho nisirudi kazini."

"Nawe unasemaje?"

"Nasema kazi naitaka."

"Itake. Lakini sauti hiyo umeirithi kwetu, hukuiazima kwake."

Alimaliza chai yake, akaondoka.

Mchana nilifika stesheni. Umati ulikuwa umefurika, jezi na mavuvuzela. Kipaza sauti kikakoroma, kisha nikaisikia sauti yake.

"Treni ya uwanjani itaingia jukwaa la pili. Narudia, jukwaa la pili."

Je, alikuwa amechagua ukweli, au kazi? Sikuwa na namna ya kujua. Nilichokijua ni damu yangu tu. Nikaanza kupanda ngazi za daraja la kuvukia reli.

Umati wote ukamiminika jukwaa la kwanza.

"Mzee, utaachwa," kijana mmoja aliniambia. "Hawa tumewazoea. Wakisema la pili, ujue ni la kwanza."

"Nimeambiwa la pili, mwanangu."

"Basi umeingizwa mjini, babu."

Wakaangua kicheko.

Treni ikaingia jukwaa la pili.

Nilipanda kwa utaratibu, kama nilivyofunzwa. Ng'ambo kule wajanja walizinduka, wakarukia ngazi kwa pamoja, wakakwamana kama kizibo kwenye shingo ya chupa. Dereva ana ratiba. Hakuajiriwa kungoja werevu wa watu. Milango ikafungwa.

Nikachagua kiti cha dirishani. Vyote vilikuwa vyangu.

Hapo ndipo nilipomwona. Katikati ya umati, amevaa jezi, amewashika wanawe wawili, amesimama jukwaa la kwanza: mkuu wa stesheni mwenyewe. Siku hiyo hakuwa zamu, na aliposikia la pili alidhani ni uongo ule ule alioagiza.

Mechi niliitazama tangu filimbi ya kwanza. Yeye alifika mapumziko.

Jioni mjukuu wangu aliniambia jinsi bwana huyo alivyompigia simu akihema.

"Aliniuliza, 'Kwa nini umetangaza ukweli bila kuniarifu?'"

"Ukamjibuje?"

"Nikamwambia aliandike swali hilo kwenye barua ya kunifukuza, kisha atie sahihi."

Barua hiyo haijaandikwa mpaka leo. Binti bado anatangaza, na siku hizi anaposema la pili, watu huenda la pili.

Sasa ninyi vijana, nisikilizeni, na simu wekeni chini. Mkubwa akiwaagiza kudanganya watu kwa faida yao, muulizeni siku ya safari yeye atasimama wapi. Kisha tangazeni ukweli, na msimame hapo hapo mlipoutangaza.