Karoti Nilizozipunguza Kilolo

Chekeni tu, mimi nimeshajicheka hadi mbavu zinauma. Nina wiki tatu tangu niletwe Kilolo kuwa bwana shamba, na cheti cha chuo bado kinanukia wino.

Juzi niliwakuta kina mama wa kijiji cha ujamaa wakipalilia tuta refu la miche michanga, majani yamechanikachanika kama manyoya. Nikajua hizo ni karoti, tena zimebanana.

"Ng'oeni mche mmoja, acheni mmoja," nikaamuru. "Zipate nafasi ya kunenepa."

Wakatazamana. "Tung'oe, bwana shamba?" akauliza Mama Tumaini, kiongozi wao.

"Ng'oeni, mama."

Wakang'oa. Mimi huku nawapa somo: karoti na pareto, lile zao la dawa ya wadudu lenye majani kama hayo, ni koo mbili tofauti kabisa, karoti huchanua kama mwavuli, pareto hutoa ua jeupe lenye kiini cha njano. Nilifundisha vizuri, jamani! Tatizo ni kwamba pale hapakuwa na ua hata moja.

Mwishoni nikang'oa mche mwenyewe niwaonyeshe karoti changa. Chini kulikuwa na vijizizi kama ndevu za mbuzi. Jasho likanitoka, na baridi yote ile ya Kilolo.

"Mama, hii ni nini?"

"Pareto, mwanangu," akasema Mama Tumaini taratibu. "Tulidhani huko chuoni kumetoka elimu mpya."

Kisha akafunua magunia yaliyoloweshwa maji kando ya tuta. Miche yote waliyoing'oa ilikuwa imelazwa pale, mizima.

"Tulikuwa tunasubiri uondoke, tuirudishe ardhini."