Kopo Lenye Picha ya Saa

Majina ya watu wa kitongoji chetu yote ninayo kichwani, kuanzia nyumba ya kwanza pale njia inapoachana na barabara ya Karatu hadi ile ya mwisho kule bondeni. Najua nani aliolewa kutoka wapi, mtoto wake wa kwanza anaitwa nani, na yule aliyekufa mdogo aliitwa nani. Hapa sitataja hata moja. Wenyewe wapo, tunakutana kila siku, na aibu ninayoieleza ni yangu, si yao.

Majina hayo ndiyo yaliyofanya niitwe. Binti mmoja mratibu alikuja hapa kwetu Qurus akitokea mjini, amevaa viatu vya kupandia milima ingawa bodaboda ilimshusha mlangoni. Alisema shirika lake linataka kuanzisha darasa la kuchora kwa rangi kwa akina mama wa hapa. Watalii wanapita hapo barabarani kila siku kwenda Ngorongoro, wananunua picha kwenye maduka ya Karatu, na picha nyingi zinaletwa kutoka mbali. Kwa nini zisichorwe hapa? Mwenyekiti wa kitongoji akamwambia, ukitaka kumjua mwanamke yeyote wa hapa kamuulize bibi yule. Akaja, nikamtajia nyumba moja moja bila kusimama, akaandika mpaka akawa anaupumzisha mkono. "Bibi," akasema, "wewe ndiye kompyuta yetu." Nilijivuna. Siku ya kikao cha kupanga nilivaa kitenge ninachovaa kwenye harusi za watu.

Kikao kilikaa kwenye ghala la zamani la kijiji, ambalo siku hizi halina nafaka. Tulizungumza rangi, mbao za fremu, nani atafagia. Mwalimu alikuwepo, mchoraji mwembamba wa Karatu ambaye picha zake zinauzwa kwenye duka moja la barabarani. Mwisho mratibu akauliza siku gani na saa ngapi itawafaa akina mama.

Wote wakageuka wakanitazama mimi. Kwetu ndivyo ilivyo, mkubwa akiwepo mdogo haanzi kusema. Nikafikiri kidogo tu. Asubuhi Qurus ni baridi, ukungu unashuka kutoka msitu wa Ngorongoro na magoti yangu hayakunjuki mpaka jua lipande. Nikasema, "Jumatano, saa nane mchana. Saa hiyo kazi za nyumbani zimekwisha, mtu amekaa tu."

Jirani yangu mmoja, mama wa watoto wadogo, alifungua mdomo. Nilimwona. Kisha akaufunga, akajifunga kanga yake upya ingawa haikuwa imelegea. Mwingine akasema, "Aama ameshasema." Aama ni bibi kwa Kiiraqw, na ndivyo wanavyoniita. Basi ikaandikwa Jumatano, saa nane.

Siku ya kwanza ghala lilijaa hadi mlangoni. Mwalimu alituambia kila mmoja achore ng'ombe, maana ng'ombe kila mtu anamjua. Sote tulimchora ubavuni, miguu imesimama kama ya kiti, pembe juu. Mke wa mwanangu, ambaye naishi naye, yeye alimchora kwa nyuma: mkia, matako yenye tope, na pembe zikichungulia kule mbele kwa mbali. Tulicheka mpaka bibi mmoja akafuta machozi. Mimi nikamwuliza, "Mwanangu, nani atanunua matako?" Akajibu kwa sauti ya chini kwamba yeye ng'ombe huwaona hivyo, kwa sababu ndiye anayewaswaga. Mwalimu hakucheka. Alichuchumaa mbele ya picha ile kwa muda, akauliza amejifunzia wapi. Hakuna mahali. Akamwambia asiache, akimaliza mafunzo picha zake atazipeleka yeye mwenyewe dukani. Wakati wa kurudi mkwe wangu alitembea mbele yangu, jambo ambalo hajawahi kulifanya, halafu akashtuka akasimama kunisubiri.

Jumatano iliyofuata alichelewa kuja na akawahi kuondoka. Baada ya hapo hakuja tena. Na wengine nao wakapungua, mmoja mmoja, mpaka tukabaki sisi wazee na wasichana wawili waliokuwa wanasubiri matokeo ya mtihani. Sitadanganya, sisi tulifurahia. Mwenzangu mmoja alimchora marehemu mumewe, tukamwambia huyu siye, marehemu alikuwa na sikio lililokunjika, wewe umemchora yule mchumba uliyemkosa. Akasema basi mwacheni hivyo hivyo. Mwalimu alicheka pamoja nasi, lakini kila mara macho yake yalikuwa mlangoni.

Nyumbani nikaanza kusema ovyo. Siku moja wanawake wa jirani walikuwa barazani kwangu na mkwe wangu anatutengea chai. Wakauliza mbona haonekani tena kwenye rangi. Nikajibu mimi, yeye anasikia. "Huyu wangu kuanza anajua," nikasema. "Kumaliza ndiyo hakufundishwa kwao." Wakacheka kidogo wakiangalia vikombe. Yeye akasema, "Ndiyo, mama," akaisogeza sukari karibu yangu.

Kisha mratibu akaleta habari. Kuna watu wanakuja kutoka Arusha kutathmini mafunzo. Wakiona kwamba hapa hayatakiwi, rangi na mwalimu vitahamishiwa kijiji kingine, huko ndani Ngorongoro. Mkwe wangu alikuwa anaosha vyombo pale nje. Akaacha kusugua, maji yakatulia. Akaniuliza, "Na wakihamisha, mwalimu harudi tena?" Nikamwambia atarudi kufanya nini. Akaendelea kukisuuza kikombe ambacho alikuwa ameshakisuuza.

Siku ya tathmini waliitwa wote, waliobaki na walioacha. Wageni walikuwa wawili, mwanamume na mwanamke, watu wastaarabu kabisa. Walizitundika picha zetu ukutani, hata ile ya matako ya ng'ombe, wakazitazama bila haraka. Halafu wakataka kujua walioacha waliacha kwa sababu gani. Walikuwa na njia yao. Waliyapanga chini makopo ya rangi yaliyokwisha, na kwa kuwa si kila mtu anasoma, mwalimu alikuwa ameyachora. Moja lilikuwa na mgonjwa kitandani, jingine barabara ndefu, jingine mwanamume ameshika kiuno, yaani mume amekataa. Moja lilikuwa na brashi iliyokatwa kwa mstari, maana yake sipendi. La mwisho lilikuwa na saa ya ukutani, maana yake muda haukunifaa. Kila aliyeacha alipewa punje ya maharage aitie kwenye kopo la sababu yake. Wakatafuta mtu anayeaminika akae karibu na makopo, mtu asije akatia mara mbili. Wakaelekezwa kwangu. Nikawekewa kigoda, makopo yakawa miguuni pangu.

Wanawake wakapita. Kila mmoja alinisalimu, akainama, akatia. Mmoja alitia kwenye barabara ndefu, na kuku wake wanatagia humo humo ghalani. Nikashangaa. Wengine wakatia kwa mgonjwa, watu niliokutana nao jana yake na mizigo ya kuni kichwani. Nikajiambia labda wameugua usiku. Mkwe wangu alikuja mwisho. Aliliangalia kopo la saa, akaniangalia mimi, akatia kwenye brashi iliyokatwa.

Yule mama mtathmini akamwuliza kwa upole ni nini hakukipenda.

"Sina kipaji," akasema. "Nilijaribu, nikaona sina."

Mwalimu aliinua macho akaitazama picha ya ng'ombe pale ukutani. Na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa nimechungulia kopo la saa, nikaliona tupu, nikafurahi. Nilijiambia angalau saa niliipanga vizuri.

Ikaja chai. Tulipokuwa tunakunywa nilimsikia yule mtathmini mwanamume akimwambia mratibu kwamba muda hauna tatizo, hamu ndiyo haipo, na kwamba ni afadhali rangi ziende kwa watu wanaozitaka. Mratibu akaitikia kwa kichwa, mnyonge. Wakati huo huo wanawake walianza kuinuka na chai haijaisha, mmoja anaomba udhuru, na mwingine tena. Nikaona nami nitoke kuyanyoosha magoti.

Huko nje, chini ya ukuta wenye kivuli, ndoo na madumu yalikuwa yamepangwa mstari. Walikuja nayo kikaoni. Ndoo za watu nazijua kama ninavyoyajua majina yao: hii ya mfuniko uliofungwa kwa mpira, hii iliyozibwa kwa plastiki iliyoyeyushwa, ya fulani, ya fulani. Mwisho wa mstari lilikuwepo dumu la njano lenye kitambaa chekundu kwenye mkono wake. Kitambaa kile nilikifunga mimi, lisije likabadilishwa bombani. Mkwe wangu alikuwa anajiweka ngata kichwani.

Nikamwuliza wanakwenda wapi wote.

"Bomba linafunguliwa saa nane, mama," akasema. "Saa kumi wanafunga."

Aliniambia kama anavyomwambia mtoto jambo linalojulikana. Na lilikuwa linajulikana. Karibu na mlango wa jikoni kwangu kuna pipa. Kila jioni nikitia kata nalikuta limejaa, nachota, nanawa, nashukuru Mungu. Sikuwahi kuuliza maji yale yameingia saa ngapi. Mimi mwenyewe niliacha kubeba maji tangu magoti yalipoanza, na nilipoacha kuyabeba nikaacha pia kujua yanakotoka.

Nilishika ukuta. Kanga iliyofungwa upya ikanijia, na sukari iliyosogezwa, na lile neno langu la kwao hakufundishwa. Walikuwa wamejua tangu siku ya kikao, wote, na wamekuja leo kudanganya wageni mbele ya miguu yangu ili nisiumbuke. Ningeweza kuondoka. Hakuna hata mmoja ambaye angenisema.

Nikarudi ndani, nikaomba punje ya maharage. Yule mama mtathmini akatabasamu, akasema, "Bibi, wewe hukuacha. Ulikuja kila Jumatano." Nikaichukua mwenyewe kwenye sahani, nikaidondosha kwenye kopo la saa. Kwa kuwa lilikuwa tupu lilipiga kelele.

"Nilikuja kwa sababu maji yangu walikuwa wanachota wao," nikasema. "Saa nane ndiyo saa ya bomba. Hii saa niliipanga mimi, kwa ajili ya magoti yangu."

Waliokuwa mlangoni wakasimama na ndoo zao. Jirani yangu, yule wa kanga, akasema haraka, "Si hivyo, Aama. Ni sisi tu wavivu." Alikuwa bado ananifunika. Hapo ndipo uso uliponiwaka kuliko mwanzo.

"Mwanangu, basi," nikamwambia. "Msinifunike tena."

Wageni walielewa. Waliyamwaga makopo, wakayapeleka nyuma ya ghala, bila mlinzi, wakaomba kila mtu achukue punje nyingine kabla ya kwenda bombani. Mimi nilibaki ndani nikiwapa mgongo. Nilisikia maharage yakidondoka, ya kwanza kwa mlio, baadaye bila mlio, kwa sababu yalikuwa yanaangukia mengine.

Jioni ile mkwe wangu alirudi na dumu, akamimina maji pipani, kisha akaja kusimama mbele yangu. Hakupandisha sauti. "Mama, umenivua nguo mbele ya watu," akasema. "Sasa watasema nimekushtaki." Nilidhani nimejitwisha aibu yangu peke yangu, kumbe nusu nimemtwisha yeye.

Darasa halikuhamishwa. Mratibu aliitisha kikao kingine cha kupanga, na safari hii nilibaki nyumbani kwa makusudi, wapate kusema. Wakachagua Jumamosi asubuhi, watoto wakiwa hawaendi shule. Jumamosi ilipofika mkwe wangu akasema ana nguo za kufua. Sikuwa na uso wa kumsukuma. Ningemwambia nini, amalize alichoanza?

Siku iliyofuata, saa nane, nilichukua ndoo ndogo nikaenda bombani. Nilitaka kupanga foleni kama mtu mwingine. Hawakunikubalia. "Aama apite, Aama apite," mstari mzima ukapinda kunipisha, nikasema nitakaa nyuma ya wa mwisho, wa mwisho akanipokonya ndoo akaipitisha mbele ikajazwa kabla ya zote. Nilirudi nikichechemea, maji yakimwagika kwenye kitenge, na nilipofika nusu ndiyo iliyobaki.

Mkwe wangu alikuwa jikoni. Nikamwambia, "Lile neno nililosema barazani, la kwenu hawakukufundisha. Nililisema mbele ya watu, na nitalifuta mbele ya hao hao."

"Waache watu, mama," akasema. Akaipokea ndoo, akaiangalia, akanimiminia pipani. "Kwa mwendo huu tutaoga mwakani." Hakucheka, lakini alisema.

Wale wanawake niliwaita, chai niliitenga mimi, na neno nililifuta. Jumamosi iliyofuata niliamka nikakuta dumu limeegemezwa ukutani na yeye hayupo. Tangu hapo anakwenda. Magoti yangu asubuhi hayaniruhusu, kwa hiyo darasa kwangu limekwisha, na sikulalamika kwa mtu.

Jirani zangu wananiambia mwalimu ametundika picha mpya ya mkwe wangu mahali inapoonekana ukiingia tu. Wanasema ni foleni ya bombani, na mbele ya wote kuna bibi kizee mwenye ndoo ndogo, kachorwa kwa nyuma. Wanasema kitenge chenyewe unakijua. Wanacheka wakiniambia, kisha wanaangalia vikombe. Mimi bado sijaenda kuiona. Nikiwa na safari ya upande ule, nazunguka kwa njia ya shambani, nisipite mbele ya mlango wa ghala.