Uswisi ya Uani Kwetu

Hata baada ya kuanza kunyoa ndevu, bado niliamini kwamba risasi ikifika mpakani mwa Uswisi inaanguka chini yenyewe, puu, kama panzi aliyelewa. Baba ndiye aliyetuletea habari hiyo kutoka stesheni ya Kamina, alikoambiwa na fundi wa reli kwamba ipo nchi isiyo na askari hata mmoja, imekataa vita, na vita navyo vinaipisha. Alirudi na baiskeli yake akicheka peke yake, akauzungushia ua wetu mstari wa majivu ya jikoni, akatangaza: "Hapa njo Uswisi. Hakuna wa serikali, hakuna wa porini."

Vita vilikuwa vimetukaribia. Askari waliweka kizuizi kwenye barabara ya mashambani, na waasi walikuwa msituni ng'ambo ya kijito. Katika kijito hichohicho tulikuwa tumeloweka mihogo yetu yote. Siku ya nne lazima itolewe ikaushwe, la sivyo inaoza, na hakuna unga wa bukari, ugali wetu. Na Muluba, mtu wa kabila letu, asiyekula bukari amekwisha kufa, amebaki kuzikwa tu. Siku ya pili, sajini wa kizuizi alikuja kuomba baiskeli ya kubebea masanduku. "Shefu, minyi siko na upande," Baba akamjibu kwa adabu zote. Siku ya tatu Baba akakata njia ya majanini kwenda kutazama mihogo, akakutana na kijana wa porini aliyeitaka baiskeli ileile. Akampa jibu lilelile, akafukuzwa kwa mawe. Kurudi, sajini huyu hapa: "Papa, huku haupite tena. Weye njo unapelekeaka bale ba porini habari!"

Basi tukafungwa. Watoto saba tulikaa ndani ya duara la majivu kama kuku waliofunikwa tenga, hatuendi shule, hatuendi kisimani. Siku ya nne upepo uligeuka, na naapa niliisikia harufu ya mihogo yetu kutoka kilomita saba, chachu, nzito, inayochoma pua. Mama naye aliisikia. "Hii Uswisi yako," akamuuliza Baba, "batoto bake banakulaka nini?" Mama akaishika baiskeli, akaenda nayo moja kwa moja kwa sajini. Alirudi jua likizama, beseni la mihogo kichwani, askari wawili nyuma yake. Nusu ilikuwa imeshaharibika. Baiskeli hatukuiona tena, na tangu siku hiyo watu wa ng'ambo walituita watu wa jeshi. Baba, kwa kuwaogopa, hakulima tena shamba letu la kijitoni.

Siku hizi naenda shambani kwa pikipiki, na hakuna anayeniuliza niko upande gani. Upande sasa wanaulizwa marais: redio inataja vita vikubwa vya mbali, na nchi moja baada ya nyingine inasema haimo. Mwaka nilipokuwa nikimaliza masomo ya jioni, darasa lilibishana kama jambo hilo linawezekana. Nikasimama, kifua mbele, nikaieleza Uswisi isiyo na askari. Mwalimu wetu, mama mpole wa historia, aliningoja nimalize.

"Keti, papa," akasema. "Uswisi ina jeshi. Vijana wake wanafundishwa bunduki, na wengi wanaiweka nyumbani."